Yadi Tano za Pruett

Sehemu ya Tisa

"Tumepata! Tumepata! Jipangeni upya, wenzangu!"

Msomaji hajasahau kwamba tulimwacha Ellis Pruett akipiga ukelele huo huku akijikwamua kutoka chini ya rundo la watu, matope yamemjaa hadi masikioni, mpira wa ngozi wa Kimarekani ameukumbatia kifuani kama mtoto aliyeokolewa motoni. Wala hajasahau kwamba ukelele huo ndio uliomshtua nahodha wake, Orrin Satterlee.

Kwa maana hawakuwa wamepata chochote. Jaribio lilikuwa la tatu na la mwisho. Pruett alikuwa ameusogeza mpira yadi tano na ushei. Sheria ilitaka kumi, ndipo timu ibaki na mpira.

Vijana wakaangua kicheko uwanja mzima.

"Pruett, huko kwenu mnahesabu kwa kwato za ng'ombe nini?"

"Mwacheni jamani! Kwao Nebraska ukifika tano umeshamaliza!"

Pruett alisimama. Aliutazama mpira, akawatazama wenzake, na uso wake ukabadilika. Haikuwa haya ya mtu aliyekosea hesabu. Ilikuwa hofu ya mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ameacha mlango wazi. Kisha naye akacheka, lakini alichelewa.

Orrin hakucheka. Yeye alikuwa mwaka wa nne katika Chuo cha Ambry, na alikuwa ameanza kucheza wakati ule ambapo timu ilitakiwa kusogea yadi tano tu katika majaribio matatu. Vijana wengi mno wakavunjwa shingo viwanjani, gazeti baada ya gazeti likapiga kelele, na mwaka 1906 sheria zikafumuliwa. Yadi tano zikawa kumi. Aliyecheza chini ya sheria ile ya zamani, mwili wake ulizijua zile yadi tano kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani, hata gizani.

Lakini Pruett alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwenyewe alisema kwamba mpira ameushika kwa mara ya kwanza mwaka jana.

Alijifunzia wapi kushangilia yadi tano?

Na kulikuwa na jambo jingine. Kocha Lathrop, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu tangu Septemba, alikuwa anacheka kuliko wote, mkono tumboni, machozi yakimtoka.

"Basi, inatosha leo!" alisema ghafla. "Nendeni mkaoge!"

Jua lilikuwa bado liko juu ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa. Kocha Lathrop hakuwahi kufunga mazoezi kabla ya giza.

Orrin alibaki peke yake ndani ya uzio wa turubai uliowazuia wapelelezi wa Chuo cha Corwith, wapinzani wao wakuu, wasichungulie. Kesho ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na Corwith walikuwa wanakuja. Ambry haikuwa imeshindwa mechi msimu mzima. Ilibaki mechi moja, na kabla ya mechi hiyo ilibaki desturi moja.

Katika ligi ile ndogo ya vyuo vya Iowa, kabla ya mchezo wa kufunga msimu, manahodha wawili walisimama katikati ya uwanja, wakavua kofia, na kila mmoja akainua mkono wa kulia na kutoa neno lake kwa ajili ya wachezaji wake wote: kwamba kila mmoja ni mwanafunzi wa kweli, anacheza kwa jina lake mwenyewe, na hajawahi kuvaa fulana ya chuo kingine. Hapakuwa na hati, hapakuwa na shahidi. Neno la nahodha lilitosha.

Mwaka huu neno hilo lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Katika majira ya machipuo maprofesa wa Ambry walikuwa wamekwisha kukubaliana kuupiga mchezo marufuku kwa udanganyifu na ukatili wake. Orrin ndiye aliyesimama mbele yao katika kanisa la chuo. "Tuachieni msimu mmoja," aliwaomba. "Nitawaonyesha kwamba mchezo huu unaweza kuchezwa na watu waaminifu. Ukipatikana uongo, niulizeni mimi."

Walimwachia. Na sasa alikuwa na siku moja tu kujua kama angeinua mkono ule kwa kweli au kwa uongo.

Jioni ile, kwenye meza ya wachezaji, timu ilikula chakula chake cha kila siku: nyama isiyokolea, mkate mkavu uliobanikwa, hakuna kahawa, hakuna keki. Orrin alikaa mkabala na Pruett.

"Pruett, hebu nikumbushe. Nani alikufundisha mpira?"

"Mwalimu wetu wa shule, Nahodha."

"Juzi ulisema mchungaji."

"Mwalimu ndiye mchungaji. Kijiji chenyewe kidogo."

"Anaitwaje?"

Pruett alitafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko nyama ile ilivyostahili.

"Nahodha, mwache mtu ale," akaingilia Gus Emmerich, mtu wa kati wa safu, mnene, mwenye shingo pana kama kichwa chake. "Mkate huu wenyewe ni adhabu tosha. Juzi nimepigia msumari."

Wakacheka. Orrin akamgeukia.

"Gus, wewe unaikumbuka sheria ya yadi tano, sivyo?"

Uma wa Emmerich ulisimama njiani.

"Mimi?"

"Wewe. Tulianza pamoja. Wengine wote hapa ni watoto wa juzi."

"Ah, Nahodha! Kazi yangu mimi ni kurudisha mpira nyuma kupitia miguuni halafu kulaliwa na majitu sita. Habari za yadi huwa nahadithiwa tu nikizinduka."

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomtisha Orrin. Kilianza pamoja na kikaisha pamoja. Aliwatazama mmoja mmoja. Kila jicho lilikuwa ndani ya sahani yake.

Basi si Pruett peke yake. Lakini ni wangapi? Na wanaficha nini?

Wazo baya likamjia. Kama Corwith ndio waliomtuma? Wangempandikiza mtu wa bandia ndani ya Ambry, wakamwacha akimbie msimu mzima, wakamwacha nahodha aape mbele ya halaiki, kisha wakasimama na kusema: huyu si Pruett! Ushindi wote ungefutwa, na Orrin Satterlee angekuwa mwongo aliyeapa.

Alisukuma kiti, akatoka nje.

"Orrin! Mbona unakimbia kama umeiba?"

Alikuwa Hester Vaill, mwanafunzi mwenzake, binti ambaye Orrin alikaa nyuma yake darasani kwa miaka mitatu bila kumwambia lolote la maana. Hester alikuwa amefunga skafu hadi kidevuni na hakuwa anatania.

"Samahani, Bi Hester. Nina haraka."

"Utakuwa na haraka zaidi nikishakwambia. Huyu Pruett wenu, ameoa?"

"Ana miaka kumi na tisa!"

"Mimi nilikuwa stesheni mchana, nimekwenda kumpokea shangazi. Pruett alikuwa pale. Kashuka mwanamke na mtoto mdogo wa kiume, na Pruett akawapokea mizigo."

"Dada yake, bila shaka."

"Yule mtoto alimwita baba, Orrin. Tena kwa sauti, watu wote wakageuka. Pruett akamziba mdomo kwa mkono."

Orrin alimsogelea.

"Treni ilikuwa inatoka wapi?"

Hester alimtazama kwa makini, kama aliyekuwa akilingojea swali hilo.

"Corwith," alisema.

Pruett alikuwa amepanga chumba juu ya duka la mtengeneza matandiko ya farasi. Orrin hakubisha hodi mara mbili. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye macho ya uchovu, na nyuma yake, juu ya kitanda, alikaa mtoto aliyevishwa kofia ya ngozi ya mpira iliyomfunika hadi puani.

"Ingia, Nahodha," sauti ya Pruett ikasema. "Niliondoka mezani baada yako. Nilijua utakuja."

"Corwith wamekuahidi nini?"

Pruett alimkodolea macho. Kisha akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyetarajia ngumi akapigwa na mto.

"Corwith? Jamani! Treni yoyote ya kutoka magharibi lazima ipite Corwith. Mke wangu katoka kwa wazazi wake. Alitaka kuniona nikicheza mara moja kabla sijazeeka."

"Wewe ni nani?"

Hapo kicheko kikakoma.

"Amos Kittredge. Nina miaka ishirini na sita. Nilicheza misimu miwili katika chuo kingine, zamani zile za yadi tano. Baba akafariki, nikarudi kulima. Kocha Lathrop alinikuta kiangazi cha mwaka jana, nacheza na wavunaji kwenye shamba lililokwishakatwa. Akaniambia, njoo Ambry, utapata jina jipya, utapata pa kusoma."

"Na wewe ukakubali. Kirahisi hivyo."

"Kirahisi?" Kittredge alisogea karibu. "Nahodha, mimi nasoma. Muulize Bi Vaill nani anamsahihishia Kigiriki chake. Nataka kuwa mwalimu. Mlango wa chuo nilishaugonga kwa jina langu, nikaambiwa nimepitwa na wakati. Hili jina la uongo ndilo pekee lililofunguliwa mlango. Ukinitaja kesho, nafukuzwa kesho hiyo hiyo."

"Ulijua kwamba nitaapa kwa ajili yako!"

"Sote tulijua."

Orrin alimshika bega.

"Sote kina nani?"

Kittredge aliinamisha uso. Mkewe ndiye aliyesema, akiwa bado ameshika kitasa cha mlango.

"Mwambie, Amos. Umesema kwenye barua zako zote kwamba huyu ni mtu mwema. Basi mwambie."

"Nahodha," Kittredge akasema polepole, "katika timu nzima, asiyejua ulikuwa wewe tu."

Asubuhi ya sikukuu, barafu nyembamba ilikuwa bado imeshika nyasi wakati Orrin alipoufunga mlango wa chumba cha kuvalia na kuuegemea kwa mgongo.

"Ambaye hakujua habari za Kittredge, ainue mkono."

Jina hilo liliwapiga kama maji ya kisimani. Hakuna mkono ulioinuka. Kittredge mwenyewe alikuwa pembeni, anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga tena.

"Gus. Zungumza."

Emmerich alijifuta jasho, ingawa chumba kilikuwa na baridi.

"Orrin, ndugu yangu, usitutazame hivyo. Tulikuficha kwa heshima."

"Kwa heshima!"

"Ndiyo, kwa heshima! Desturi inataka neno lako wewe, haitaki la kwangu. Mtu akiapia jambo asilolijua, hajasema uongo. Sisi tumebeba uchafu wote, wewe tukakutunzia moyo mweupe. Msimu mzima tunanyamaza ukiingia. Unadhani ilikuwa rahisi? Mimi kunyamaza!"

Mmoja akacheka kwa pua, akajuta.

Orrin alianza kuelewa, na alivyozidi kuelewa ndivyo alivyozidi kuona baridi. Alikumbuka siku ya kupiga kura ya unahodha, mwanzoni mwa msimu. Alikuwa amejua kwamba wapo wenye mbio kuliko yeye, wapo wenye nguvu kuliko yeye. Hata hivyo walimchagua wote, bila kura moja ya kumpinga, na usiku ule alilala akiwa na furaha kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Ndiyo maana mlinichagua mimi," alisema.

"Tulikuchagua kwa sababu chuo kizima kinakuamini," Emmerich alijibu.

"Ni jambo lile lile, Gus."

Emmerich akageukia ukuta.

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Kocha Lathrop aliingia, amevaa kofia yake ya duara na koti la sikukuu, akauona umati uliokaa kimya, akaelewa mara moja.

"Nisikilizeni vizuri, maana nikishakaa kwenye lile benchi sheria hainiruhusu kufungua mdomo mpaka mchezo uishe," alisema. "Satterlee, ulichosikia hukukisikia."

"Nimekisikia, Kocha."

"Umekisikia jana. Juzi hukujua. Basi jifanye leo ni juzi."

"Uliniacha nikawaombe maprofesa kwa machozi, na kumbe huku unamtafutia mtu jina?"

"Na ningekwambia, ungeomba vizuri vile?" Kocha alishusha sauti, karibu kwa upole. "Kijana, hebu fikiri. Ukisema ukweli pale katikati, humuui Kittredge peke yake. Unaua msimu. Maprofesa wako wamekaa safu ya mbele, wamevaa miwani, wanangojea sababu moja tu. Mchezo huu utakuwa umezikwa hapa Ambry kabla bata mzinga hajapoa mezani. Ukinyamaza, unacheza, unashinda, unahitimu. Nani ataumia?"

Orrin aliwatazama wale vijana kumi. Hakuona adui hata mmoja. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angewachukia, kazi ingekuwa nyepesi.

"Kocha," aliuliza, "kuna lingine mnalonificha?"

"Hakuna."

Lakini Orrin hakujua tena jinsi ya kuliamini neno hilo kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Kelele za uwanjani zilisikika hadi kwenye reli. Mabehewa mawili ya watu wa Corwith yalikuwa yamemwaga ngoma, tarumbeta na bendera. Hester Vaill alikuwa amesimama juu ya ubao wa kiti, skafu mkononi. Katika safu ya mbele walikaa maprofesa, wamevaa nguo nyeusi, wamenyooka kama funguo za kinanda.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Manahodha wakatoka.

Dorrance, nahodha wa Corwith, alikuwa mrefu, mwenye nywele za rangi ya mchanga na kinga ya pua inayoning'inia shingoni. Aliushika mkono wa Orrin kwa nguvu.

"Poleni mapema, Satterlee. Kaburi mmelichimba wapi, huku au kule?"

"Karibu Ambry, Dorrance," Orrin alijibu, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake.

Uwanja ukanyamaza. Kofia zikavuliwa. Mwamuzi akasema maneno aliyokuwa akiyasema kila mwaka.

"Nahodha wa Ambry. Je, unatoa neno lako kwa ajili ya wachezaji wako wote kumi na mmoja?"

Orrin akainua mkono wa kulia. Kule kwenye mstari Kittredge alikuwa amesimama wima, kichwa wazi, uso umeelekea jukwaani kwa mkewe na mtoto. Hakuwa akisihi. Alikuwa anangoja tu.

Wangapi wamewahi kusimama hapa, Orrin alijiuliza, wakasema ndiyo kwa sababu wenzao waliwatunzia ujinga wao? Na kama neno likitolewa na mtu aliyefichwa ukweli, lina thamani gani kuliko ukelele wa kasuku?

"Natoa neno langu," alisema, "kwa wachezaji kumi."

Mwamuzi alipepesa macho.

"Rudia, Nahodha."

"Kwa wachezaji kumi!" Safari hii alisema kwa sauti iliyofika hadi safu ya mbele. "Kwa mmoja siwezi. Na kosa hilo si lake peke yake. Ni la timu yetu, na mimi ndiye nahodha wake."

Mwamuzi alirudi nyuma hatua moja. Kisha uwanja ukalipuka. Watu wa Ambry walipiga mayowe kama walioibiwa, watu wa Corwith waliruka juu ya viti. Kocha Lathrop alichupa kutoka kwenye benchi, akaachama kinywa, akaikumbuka sheria, na akabaki ameachama hivyo hivyo. Profesa mmoja akavua miwani na kuinuka taratibu. Emmerich alikaa chini juu ya nyasi zenye barafu, akashika kichwa.

Orrin hakuushusha mkono. Alimgeukia Dorrance, akiwa tayari kuiona ile furaha. Ubingwa wa ligi nzima ulikuwa umekwisha kudondoka miguuni pa Corwith bila jasho. Dorrance hakuhitaji ila kuinua mkono, kusema ndiyo, na kuuokota.

Dorrance hakuwa anacheka.

Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alipiga hatua mbele, akampa mwamuzi mgongo kana kwamba anataka kumpa Orrin mkono kwa mara ya pili, akamnong'oneza.

"Satterlee. Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Usinichezee! Umejitoa mhanga ili na mimi nibanwe hapa mbele za watu. Nani kati ya watu wangu kakwambia?"

Orrin alimtazama bila kuelewa. Kisha akatazama nyuma ya bega la Dorrance, kwenye safu ya Corwith, ambapo jitu moja lenye mabega mapana lilikuwa limekwisha kuvaa kofia yake na kuanza kurudi nyuma, pole pole, kuelekea langoni.

"Nahodha wa Corwith," mwamuzi aliita. "Zamu yako. Inua mkono."

Mkono wa Dorrance haukuinuka.